Ngano ya Lumbesa

"Saa moja na dakika ishirini," mgeni alisema, akiitazama saa ya mkononi kabla hajamtazama mtu. "Niliahidi saa moja kamili. Mnisamehe, barabara ya kutoka Katesh imenishinda."

Hivyo ndivyo ninavyoijua saa yenyewe. Nyumbani kwetu Hirbadaw hatukuwa na saa. Tulikuwa na jua, na tulikuwa na Mlima Hanang upande jua linakotokea, na kwa mtoto wa darasa la tatu hivyo viwili vilitosha. Lakini siku ile niliianza pale mtu yule alipotamka dakika zake, kwa sababu kabla hajashuka kwenye pikapu yake nilikuwa tayari najua kwamba amekuja kwetu kufa.

Mwezi uliopita niliingia duka la pembejeo kununua mbegu. Muuzaji alikata mdomo wa mfuko ili anionyeshe, na ile harufu ikatoka: kali kidogo, baridi, kama chuma kilicholowa kikafungiwa ndani ya nailoni. Punje zilikuwa na rangi ya waridi iliyoiva kupita kiasi. Nilishika kaunta. Muuzaji, kijana mwenye heshima, akaniuliza, "Mama, unajisikia vibaya?" Nikamwambia hapana, nifungie kilo nne. Nilipofika nyumbani nilinawa mikono mara mbili, nikakaa nje mpaka jua likazama.

Ilikuwa miaka ile mkoa wetu ulipokuwa mpya. Babati ilikuwa imefanywa makao makuu, watumishi walikuwa wanahamia kutoka kila upande wa nchi, na watumishi, kama tulivyokuja kujua, hawawezi kwenda kazini bila mkate. Mzee Omari alikuwa mtu wa Tanga aliyefika Babati siku nyingi kabla yao. Alikuwa amejenga tanuri la matofali nyuma ya nyumba yake, la kuni, na kinu kidogo cha kusagia. Unga wa dukani hakuutaka. Alimwambia Baba, walipokutana mnadani, kwamba anataka kujua ngano yake ililala nyumba gani kabla haijawa mkate, na kwamba atakuja mwenyewe kuiona. Baba alirudi akicheka. Mnunuzi wa kuja kuangalia shamba hakuwahi kumwona.

Wanunuzi tuliowajua walikuwa wa aina nyingine. Tangu biashara ya mazao ilipoachwa huru, kila mwenye lori alikuwa mnunuzi, na kila mnunuzi alitaka lumbesa. Unalijaza gunia mpaka mdomoni, ukidhani limejaa. Yeye anachukua kamba na kipande cha gunia jingine, analishonea kofia juu, kisha anakuamuru ujaze na kofia. Bei inabaki ile ile. Kile kilima cha juu kilikuwa chake bure. Watu walilalamika, kisha wakazoea, na mwishowe walikuwa wanayashona magunia kwa kofia wenyewe, kabla hawajaambiwa, ili ugomvi usiwepo.

Baba mdogo, Lohay, ambaye alikuwa anaishi nasi na hakuwa ameoa bado, hakuzoea. Alikuwa kijana mcheshi, mwenye mikono isiyotulia, na alikuwa na msemo wake: "Lumbesa ni fungu la mwizi. Na mwizi hapaswi kuchaguliwa chakula."

Siku mbili kabla ya mgeni kuja, mchana, Baba akiwa mkutanoni na Mama akiwa ameenda kusaga, nilimkuta Lohay nyuma ya zizi amechuchumaa mbele ya beseni kubwa. Alikuwa anaosha ngano. Maji yalikuwa ya waridi. Niliitambua ngano ile. Ilikuwa mbegu iliyopakwa dawa ya wadudu, iliyobaki msimu wa kupanda, ambayo Baba aliinunua dukani na kuiweka juu ya dari, kwenye mfuko wenye picha ya fuvu la kichwa na mifupa miwili. Baba hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini siku alipoupandisha mfuko ule alituita, mimi na mdogo wangu Danieli, akatuonyesha lile fuvu kwa kidole. "Mtu akitia hii mdomoni," alisema, "jua likizama, hayupo."

Nadhani alitaka tu tuogope. Lakini mimi nilikuwa mtoto wa kushika maneno kama yalivyo. Sikuelewa kwamba ni hatari. Nilielewa kwamba ni ratiba. Unakula, unaishi mpaka jioni, jua linazama, unazimika nalo. Niliona hata haki fulani ndani yake, kwamba mtu anaachiwa mchana wake wote.

"Baba mdogo," nilimuuliza, "hiyo si ile ya fuvu?"

"Ilikuwa. Sasa naitawadhisha." Alimwaga yale maji, akamimina mengine. "Unaona? Inarudi kuwa ngano."

"Tutaila?"

"Sisi? Sisi tuna akili. Hii ni ya kofia za magunia. Ataila yule wa lumbesa, na akiila imeoshwa, kwa hiyo hana cha kudai." Akanirushia maji kidogo usoni kwa utani, nami nikaruka nyuma nikijifuta kwa gauni mpaka ngozi ikauma. "Usimwambie Baba yako. Atasema nimeharibu mbegu."

Aliianika kwenye turubai, na jioni akaigawanya juu ya magunia yote manane, akayashona kofia safi kabisa. Asubuhi iliyofuata kuku wawili walikuwa wamelala miguu juu karibu na pale maji yalipomwagwa. Mama alisema kideri kimerudi. Lohay aliwashika miguu akaenda kuwatupa bila kunitazama. Na alfajiri ya siku ya mgeni, kukiwa na giza bado, aliondoka na ng'ombe kwenda josho la mbali, safari ya kulala huko. Nilibaki peke yangu na jambo lile.

Lazima niseme jinsi nilivyomfikiria mnunuzi. Nilimfikiria ana tumbo, ana kofia ya kiongozi, na hana watoto. Mtu wa namna hiyo kufa jua likizama ilikuwa habari ya kutisha, lakini ilikuwa habari ya mbali, kama vita kwenye redio. Halafu akashuka Mzee Omari, ng'ambo ya korongo tulikokwenda kumpokea. Alikuwa mwembamba, amevaa kanzu iliyofupishwa na koti la sweta juu yake, nyusi zake zina unga ambao nadhani haukuwahi kutoka. Nilimwamkia shikamoo. Aliinama mpaka uso wake ukawa sawa na wangu ndipo akaitikia marahaba, kisha akaingiza mkono ndani ya gari akatoa mkate umefungwa kwenye kitambaa.

"Huu ni wa ngano ya mwaka jana, ya kwa jirani zenu," alisema. "Onja uniambie kama wamenidanganya."

Ganda lake lililia chini ya meno yangu. Ndani ulikuwa na joto bado, au nilidhani hivyo.

Baba alimpeleka kwenye magunia, yaliyopangwa ukutani ndani ya tembe yetu, nami nikawafuata. Mzee Omari alizitazama zile kofia, akatikisa kichwa.

"Hizi za nini?"

"Ni lumbesa, mzee," Baba alisema. "Tumeshakuwekea."

"Mimi sili cha mtu. Gunia ni gunia. Lete wembe."

Alikata zile kamba mwenyewe, gunia baada ya gunia, akachota zile kofia kwa bakuli na kuzimimina kwenye ungo wa Mama, kisha kwenye beseni, mpaka magunia yakawa bapa kama meza. "Hii ni yenu," alimwambia Mama. "Mle na watoto." Mama alishukuru kwa kupiga goti kidogo, akalibeba beseni kwenda nalo jikoni. Lilikuwa lile lile la nyuma ya zizi.

Kisha akafanya jambo ambalo sitalisahau. Kwenye kila gunia alichukua punje chache za juu, akazitia mdomoni, akatafuna taratibu amefumba macho. Watoto wote wa kwetu wanajua kutafuna ngano mpaka igeuke ubani unaovutika. Tulifanya hivyo njiani kwenda shule. Lakini sikuwahi kumwona mtu mzima akifanya, tena kwa uzito wa mtu anayesali. Ubani ukishakuwa tayari aliutoa, akauvuta kwa vidole viwili, akapima unanyooka kiasi gani kabla ya kukatika, akaufunga kwenye kipande cha karatasi na kukitia mfukoni. Mara nane. Mara nane niliona koo lake likipanda na kushuka.

"Ubani wa ngano ya juu umelegea," alimwambia Baba, akikunja uso. "Unakatika upesi, kama ngano iliyonyeshewa. Nitaangalia tena jioni, ukishakauka."

"Haikunyeshewa, mzee. Labda umande."

"Labda."

Jua lilikuwa limeinuka juu ya mlima kiasi cha mkono mmoja. Nilisimama mlangoni nikalitazama mpaka macho yakatoa machozi.

Alitaka kuona mashamba, hasa kishamba cha Aama. Aama, ndivyo tunavyomwita bibi kwa Kiiraqw, alikuwa na kipande chake cha ngano ya zamani, yenye ndevu ndefu, aliyoileta kutoka Maretadu alikozaliwa, na mbegu yake aliihifadhi kwenye majivu. Hakujua Kiswahili zaidi ya salamu, na Baba alikuwa na aibu ya kutafsiri maneno ya mama yake mbele ya mgeni, kwa sababu nzuri. Basi nikachukuliwa mimi, maana shule ilikuwa imefungwa.

"Muulize," Aama alisema tulipokuwa tunatembea kwenye mabua, "ni mwanaume gani huyu anapika mikate? Hana mke?"

Nilitafsiri. Mzee Omari akajibu bila kucheka, "Mwambie ninaye. Yeye kazi yake ni kusema umeungua."

Aama alifikiri. "Mwambie huyo ni mke."

Upepo wa kiangazi ulikuwa unavuma kutoka bonde la ziwa la magadi, umebeba vumbi jeupe. Mzee Omari alitembea mbele, akivunja masuke, akiyasugua viganjani na kupuliza makapi. Mimi nilitembea nyuma yake nikitazama miguu yake. Nilikuwa nimewahi kusikia kwamba mtu anayekufa huanza kupoa miguu. Viatu vyake vilikuwa ndala za tairi, na visigino vyake vilikuwa vimepasuka kama vya Baba.

Mchana alikaa chini ghafla. Alikuwa ameshika tumbo, na jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo ingawa upepo ulikuwa baridi.

"Tumbo linanikata kidogo," aliniambia. "Usimwambie bibi, atadhani ni hila ya kukwepa kazi."

"Ana nini?" Aama aliuliza.

Hapo nilikuwa na nafasi, na maneno yalikuwepo kwa lugha zote mbili. Lakini nilitazama jua, lilikuwa bado katikati ya mbingu, na nikamwambia Aama, "Ana njaa." Aama akatoa kibuyu cha maziwa ya mgando, akampa. Alikunywa, akapumzika, akainuka. Mpaka leo sijui kama lilikuwa jua, safari au ile ngano. Nimejisomea mengi baadaye, kwenye vijitabu vya kilimo na kwenye maandishi madogo ya nyuma ya mifuko, na sijapata mahali palipoandikwa kwamba mtu hufa jua likizama. Nimepata palipoandikwa kwamba kuosha hakutoi dawa yote.

Hofu yangu, nikiwa mkweli, haikuwa ya kumhurumia tu. Kulikuwa na neno ambalo Aama hakulitamka kwa sauti: metimani. Zamani, nyumba iliyoguswa na kifo kibaya ilitengwa. Hakuna aliyekuja kwao kuomba moto. Hakuna aliyepokea maji ya mikono yao, ng'ombe wao walinyweshwa peke yao, na watoto wao walicheza wao kwa wao mpaka miezi mingi ipite. Sisi tulikuwa watu wa kanisa, na mchungaji alisema hayo yamekwisha. Lakini Aama aliwahi kutengwa akiwa mtoto Maretadu, na alipotusimulia alikuwa bado anashusha sauti. Kwa hiyo mchana ule wote nilikuwa naomba jambo moja: mgeni aondoke mapema, akafie kwingine. Nilimwomba Looa, ambalo kwa lugha yetu ni jina la jua na lilikuwa jina la Mungu kabla ya kanisa, aende polepole mpaka gari lipite Katesh.

Saa kumi hivi Baba na mgeni walikubaliana bei, elfu ishirini kwa gunia. Magunia yangepakiwa baada ya kuangalia ubani tena, na gari lingesogezwa kwanza mpaka mlangoni, maana lilikuwa limeachwa ng'ambo ya korongo. Mzee Omari alienda na Baba kulileta. Tulisikia mlio mmoja mzito, kisha kimya. Walirudi kwa miguu, mikono ina grisi.

"Springi imekatika," Baba alimwambia Mama. "Fundi ni mpaka kesho. Mgeni atalala."

"Karibu sana," Mama alisema. "Chakula kiko jikoni."

Nilimfuata jikoni. Chungu kikubwa kilikuwa mafigani, kile cha sikukuu, na kilikuwa kinatokota kwa uvivu kama vinavyotokota vitu vilivyokaa motoni tangu mchana. Danieli, ambaye alikuwa na miaka minne, alikuwa amekaa karibu kabisa, kijiko mkononi.

"Ni nini, Mama?"

"Makande ya ngano na maharage. Ile aliyoturudishia mgeni. Imechambuka vizuri, kama imeoshwa."

Harufu ya mvuke ule ilikuwa tamu. Hilo ndilo lililonitisha zaidi. Nilitegemea inuke fuvu.

Nilitoka nje. Uwanda wote upande wa magharibi ulikuwa umeanza kuwa mwekundu, na jua lilikuwa limebakiza upana wa vidole vitatu. Nilifanya hesabu yangu. Mgeni alikula asubuhi, kwa hiyo zake zilikuwa dakika hizi. Sisi tungekula usiku, kwa hiyo tungekuwa na kesho yote. Kesho ilikuwa Jumamosi. Niliwaona wote kesho, Danieli anakimbiza ndama, Mama anafagia, Aama anaota jua, na hakuna hata mmoja anayejua isipokuwa mimi, mpaka jioni. Hilo la kujua peke yangu kwa siku nzima nyingine sikuweza kulibeba. Siku moja ilikuwa imenimaliza.

Wote walikuwa wamekaa uwanjani. Mzee Omari alikuwa kwenye kigoda, amenyoosha miguu. Jua likazama. Niliona ukingo wake ukiingia ardhini, nikamgeukia mgeni nikitegemea aanguke. Alipiga miayo. Nikatazama upande mwingine, kwenye mlima, na kileleni bado kulikuwa na mwanga, rangi ya ngano iliyoiva. Nilielewa papo hapo: kwa Mlima Hanang jua bado halijazama. Kulikuwa na muda uliobaki kule juu.

"Mzee," nilisema, "wewe utakufa mwanga ule ukiondoka."

Baba alinigeukia. "Unasema nini wewe?"

"Amesema nini?" Aama aliuliza.

Ilinibidi nimtafsirie. Nilisema mara ya pili kwa Kiiraqw, na kwa Kiiraqw lilikuwa neno zito zaidi, kwa sababu ndiyo lugha niliyoanza nayo kuogopa. Aama aliacha kutafuna ugoro wake.

Mzee Omari hakucheka. Alijisogeza mbele. "Kwa nini, binti?"

"Ulitia mdomoni ngano ya fuvu. Ya kwenye kofia. Baba mdogo aliiosha. Kuku walikunywa maji yake." Nikaona Mama anatoka jikoni na bakuli la kwanza, Danieli nyuma yake. "Na ndiyo hiyo Mama amepika."

Baba alisimama, akamwendea Mama kwa hatua za kawaida, akalichukua lile bakuli mikononi mwake na kuliweka juu ya paa la banda la kuku, juu kabisa, kama mtu anayeficha kisu. Kisha akamshika Danieli kidevuni. "Fungua mdomo. Umeonja?"

Danieli alitikisa kichwa. Baba akamwingiza kidole mdomoni, akakitazama, akamwingiza tena. "Umeonja?"

"Ni cha moto, sijaonja," Danieli alisema, na akaanza kulia.

Mzee Omari alikuwa ametoa vile vikaratasi vyake mfukoni. Alivifungua juu ya goti kimoja kimoja akavielekeza magharibi kulikobaki mwanga. Ubani ulikuwa umekauka. Kwenye kila kimoja kulikuwa na mstari mwembamba wa waridi, kama uzi.

"Punje ya ngano ina mfereji tumboni," alisema polepole. "Maji hayafiki mle." Akaufunga tena kila ubani kwenye karatasi yake, akasukutua maji, akatema mbali, akasukutua tena. Alisukutua mara ya tatu, nami nikajua kwamba naye anaogopa, na hofu ya mtu mzima ilikuwa mbaya kuliko yangu kwa sababu haikuwa na saa ya kuisha.

Mwanga wa kileleni ulipanda, ukawa kamstari, ukaondoka. Sikumwondolea macho.

"Umezama?" aliniuliza.

"Umezama."

"Basi nipo." Alijipapasa kifua, kama anayehakikisha. "Wewe unaitwa shahidi wangu."

"Mwambie," Aama alisema, "alale upande wa ng'ombe, kuna joto. Na mwambie hapa hakuna moto uliozimwa. Kesho aombe moto kwetu, ampe na mwingine." Nilitafsiri bila kuelewa. Baadaye nilielewa kwamba alikuwa ametoa hukumu: nyumba yetu haikuguswa.

Usiku ule tulikula mkate uliobaki, kipande kwa kila mtu, na maziwa.

Asubuhi Baba alifungua gunia la kwanza na kulimwaga lote kwenye turubai. Alipiga magoti akalichambua. Alitafuta juu, akatafuta katikati. Chini kabisa, ambako hakuna kofia iliyofika kwa macho, aliokota punje moja yenye uzi mwekundu, akaiweka kiganjani. Ngano huteleza, zile za juu zilikuwa zimeshuka kwenye nafasi kati ya punje nyingine, gunia lilipokuwa linasogezwa na kupigwapigwa likae bapa.

"Nichague iliyo safi?" Baba aliuliza. Ilikuwa sauti ya mtu anayejua jibu.

"Ningechagua kama ningekuwa nakula mwenyewe," Mzee Omari alisema. "Mkate wangu asubuhi unabebwa na watoto kwenda shule."

Baba alichimba shimo nyuma ya zizi. Lohay alirudi kutoka joshoni saa tano, akaona kaka yake yumo shimoni mpaka kifuani na magunia manane yamesimama pembeni. Aliangalia magunia, akaniangalia mimi, akavua shati na kushuka shimoni. Walichimba bega kwa bega mpaka mchana. Jioni tu, wakati wa kunawa, Lohay alisema, "Nilidhani ni mwizi kama wengine." Baba akamjibu, "Nami nilidhani hivyo. Ndiyo maana sikuangalia kofia."

Fundi alifika, springi ikafungwa kwa mnyororo. Mzee Omari aliondoka na madebe mawili ya ngano ya ndevu ya Aama, na mwaka uliofuata alirudi kwa nyingine, saa moja kamili. Aliishi miaka mingi baada ya hapo. Nilihakikisha, kila nilipofika Babati nilipitia kwenye tanuri lake kabla ya kwenda kwingine kokote.

Zile fedha za ngano Baba alikuwa amezipanga tangu palizi. Zilikuwa za kununulia mabati ya paa. Tulikaa chini ya paa la udongo masika nyingine mbili, tukihamisha vitanda kila lilipovuja, na sikumsikia akizitaja isipokuwa mara moja, jirani alipomuuliza kwa utani kama anasubiri tembe imwangukie ndipo aezeke. Nilikuwa nawashikia taa. Baba alimwonyesha chungu kile cha sikukuu, ambacho Mama alikataa kukipikia tena na kilikuwa kimegeuzwa kiota cha kuku.

"Tulikuwa watu sita tunakisubiri kile," alisema. "Sita tukaamka. Nililipa laki moja na elfu sitini."